Waliponikemea Pepo la Umaskini

Bwana asifiwe, kanisa! Asifiwe na walioshiba, asifiwe na waliokuja hapa bila kunywa chai!

Ndugu zangu, mimi ni Mama Tumaini. Wengi mnanifahamu kwa sura, maana nakaa nyuma kabisa, karibu na mlango. Nimekaa pale miaka sita. Msidhani ni unyenyekevu. Nilikuwa naona aibu ya viatu vyangu. Leo nimeomba nisimame mbele kwa sababu Mungu ameniokoa, na kwa sababu nina hasira. Vyote viwili nimekuja navyo, mtanivumilia.

Nilikuja Morogoro kutoka Singida na binti yangu mmoja, baada ya baba yake kufariki. Nikapata kazi huku huku Kihonda, kwenye kiwanda cha mafuta ya alizeti. Nilianza kwa kufagia mashudu, yale makapi ya alizeti iliyokwisha kukamuliwa. Nikajifunza mtambo kwa kuangalia, mpaka nikawa opereta wa kusafisha mafuta. Kwa asiyejua, alizeti ikikamuliwa, mafuta yake yanatoka meusi, yana harufu na povu. Sisi ndio tunayatia dawa, tunayachuja, tunayapasha kwa mvuke mkali mpaka yawe yale yanayong'aa mnayoyaona dukani. Nikizubaa kidogo, mafuta yanaungua. Nikizubaa zaidi, yanaungua na watu.

Hiyo ndiyo kazi. Na mshahara wake? Ulikuwa unaingia tarehe tano, ikifika tarehe kumi na mbili sina kitu! Mwenye nyumba alipandisha kodi, akasema Kihonda siku hizi ni mjini. Mkaa nilinunua kwa kopo, unga kwa nusu kilo. Na mafuta, ndugu zangu, mafuta niliyoyasafisha kwa mikono hii, niliyanunua kwa kupimiwa kwenye kichupa cha dawa ya kikohozi. Kazini nilikwenda kwa miguu. Tumaini, binti yangu, yuko sekondari, anakua, anahitaji kula. Alikuwa akiona chakula ni kidogo, anasukuma sahani kwangu na kusema, "Mama, nimeshiba." Alikuwa hajala hata matonge matano. Mimi nikajifanya nimeamini. Nikala. Mungu anisamehe, nikala.

Ndipo nikaja kwenu.

Nilikuja siku ya maombezi, nikapiga magoti hapo chini ya madhabahu. Mzee wetu wa maombezi akaniuliza nina shida gani. Nikamwambia, "Mzee, nafanya kazi kila siku na sina kitu." Hakuniuliza kazi gani. Hakuniuliza nalipwa shilingi ngapi. Akanishika kichwa akapaza sauti, akasema nina pepo la umaskini lililotoka kwa mababu. Mkanizunguka, mkalikemea. Nikasukumwa, nikaanguka, mkapiga makofi. Mzee, nakuona hapo mbele. Shikamoo. Nasema kwa heshima, lakini nitasema.

Nilirudi nyumbani nimefurahi. Tarehe kumi na mbili ikafika, sina kitu. Nikarudi kwenu. Mkaniambia pepo ni sugu, nifunge siku saba.

Nikafunga. Nikafunga huku naingia shifti ya asubuhi, nasimama mbele ya tenki la moto. Siku ya tano nilikuwa naangalia geji, nikaona mshale umekuwa miwili. Nikanyoosha mkono nipunguze mvuke. Sikuufikia. Nikaanguka chini na mvuke unapanda!

Aliyeniokoa anaitwa Mwanahamisi. Ni Mluguru wa Mkuyuni, ni Mwislamu, ni opereta mwenzangu. Alisikia mlio wa tenki umebadilika, akaja mbio, akafunga mvuke kwanza, halafu akaniburuta nje. Nilipofumbua macho, alikuwa amenikalisha kivulini ananinywesha chai ya mdalasini, kijiko kwa kijiko.

"Mama Tumaini, umekula lini?"

Nikamweleza habari ya mfungo. Nikamweleza habari ya pepo. Alinisikiliza mpaka mwisho. Hakucheka. Akafungua kontena lake la chakula, akaniwekea ndizi za kuchemsha mkononi.

"Dada yangu, mimi nalipwa kama wewe," akasema. "Juma analipwa kama wewe. Wote sita wa mtambo huu tumekopa unga dukani. Hilo pepo limetuingia wote siku moja? Kula."

Ndugu zangu, nililia! Nilikula zile ndizi huku nalia. Siku zote zile nilikuwa nawalaani babu zangu makaburini, watu waliolima uwele Singida hawajamkosea mtu! Sikuwa na pepo. Nilikuwa na mshahara mdogo.

Kesho yake meneja akaniita ofisini. Mezani kulikuwa na barua ya onyo. Imeandikwa nimekutwa nimelala kazini.

"Saini hapa, mama."

"Meneja, sikulala. Nilianguka."

"Kuanguka, kulala, ni yale yale. Mama, wewe ni mtu wa kanisa. Ridhika na ulichonacho."

Kanisa, mnanijua. Mimi ni mtu wa "ndiyo, bosi". Mtu akinifokea, naomba msamaha. Lakini siku ile aliponitajia kanisa, kuna kitu kilikatika ndani yangu kama kamba. Nikasikia ulimi wangu umekuwa mwepesi. Huo ndio wokovu wangu, na nimekuja kuutangaza!

Nikasema, "Meneja, ninasimamia tenki ambalo likinishinda, watu wote wa shifti wanaungua. Binti yangu ananidanganya kwamba ameshiba. Hii barua siisaini. Na ninaomba uniambie, kwa mshahara huu, wewe ungekula nini leo?"

Akapiga meza, akasema nitafukuzwa. Mlango ukafunguliwa. Mwanahamisi akaingia bila kubisha hodi, na nyuma yake wale wenzetu wanne wa mtambo. Mtambo walikuwa wameuzima vizuri, kwa utaratibu.

"Huyo akifukuzwa, tunaondoka wote sita," Mwanahamisi akasema. "Utafute watu wengine wanaojua lile tenki linavyopumua."

Msidhani meneja alianguka chini akatubu. Hapana! Tuliandika malalamiko, tukayapeleka ofisi ya kazi ya serikali, tukaitwa, tukahojiwa, tukarudishwa tukaambiwa tusubiri. Miezi ilipita. Tuliitwa wachochezi. Mwanahamisi aliondolewa kwenye mtambo, akapewa fagio, kwenye mashudu kule nilikoanzia mimi. Alifagia, na kila asubuhi alinisalimia kwa sauti kubwa ili wakubwa wasikie kwamba hajanyamaza.

Mwisho barua yangu ya onyo ikachanwa. Tukaanza kulipwa saa za ziada ambazo kabla yake tulizifanya bure. Mshahara ukaongezwa. Tukapewa chakula cha shifti. Ni kidogo? Ndiyo, ni kidogo. Sasa mshahara unafika tarehe ishirini, haufiki mwisho wa mwezi. Lakini Tumaini anamaliza sahani yake na kuomba kuongezwa, na mimi namwongezea. Ninapomwona anapangusa bakuli kwa tonge la mwisho, nasema asante Yesu, nasema kwa sauti, majirani wananisikia.

Na Mwanahamisi hajarudishwa kwenye mtambo mpaka leo. Wakubwa wanasema nafasi imejaa. Jumatatu tunakwenda tena kudai arudishwe, watano tuliobaki. Mimi ndiye msemaji. Mimi, wa kiti cha nyuma!

Kwa hiyo namshukuru Mungu. Nilimwomba aniondolee umaskini, yeye akaanza na woga. Akamtuma mwanamke asiyesali kanisani humu, anifunulie jambo ambalo ninyi mlishindwa kuniuliza. Hilo linaniuma, na nimeliomba linitoke, halijatoka. Labda halitakiwi kutoka.

Ndugu zangu, siwaambii msiombeane. Nishikeni kichwa hata leo, nitapiga magoti! Lakini mtu akija hapa akasema anafanya kazi na hashibi, muulizeni kwanza anafanya kazi kwa nani, na analipwa nini. Mkisikia jibu na mkaona aibu, hiyo aibu si ya kwake.

Wewe mlinzi unayelinda duka, wewe dada unayeshona kwa fundi mwingine, wewe uliyejiona umelaaniwa, nakualika. Mtumaini Mungu huyu. Hakuchoka kusikia habari za unga na mkaa wangu, hatachoka na za kwako. Baada ya ibada nitakuwa pale uani. Njoo uniambie.

Na ninyi mlioajiri watu, mnaosema amina kwa nguvu tangu nianze kusema. Wako wasichana wa kazi jikoni kwenu sasa hivi, wanawapikia chakula cha Jumapili. Wanalipwa shilingi ngapi?

Kwaya, tafadhali, msianze kuimba kwanza. Waacheni wafikirie.