Marehemu Sharti Limevunjwa, Ujumbe wa Kosa

Waombolezaji wapendwa mliofika hapa ofisini kwetu Kitengela, marehemu tunayemzika leo hakuwa mtu, alikuwa ujumbe wa kosa kwenye programu yetu, na jina lake kamili lilikuwa "Kosa: sharti limevunjwa", maneno matatu ambayo hayakumfaidi kiumbe yeyote.

Alizaliwa tarehe 11 Novemba 2024, mwana wa pekee wa Bwana Hiram Gichuru, mtunza hifadhidata wetu, aliyemtunga kabla ya chai ya saa nne na hakumtazama tena. Mlango wa shule hakuuona, kwani baba yake alisema mwerevu haambiwi mara mbili, akasahau kwamba huyu hakumwambia mtu lolote hata mara moja.

Aliajiriwa Januari 2025 katika programu ya kusajili mifugo sokoni Kisaju, akafunga ndoa na kitufe cha "Sawa", wakajaliwa watoto wengi, wote malalamiko, na wote wakatupiwa Lorna Nduta, mwandishi wa programu hiyo. Mzee Parsaoti alipokataliwa kusajili ng'ombe wake, marehemu alirudia maneno yake yale yale, bila kusema sharti gani, na mkubwa wa ofisi akamwambia Lorna kwamba mwezi mmoja ukiisha bila dawa, aondoke. Lorna, kwa kubahatisha, alibadilisha nambari za simu kwenye fomu ya mzee, akabadilisha tarehe, akalia, naye Hiram, meza ya pili, akamshauri atulie asome vizuri, kana kwamba kulikuwa na cha kusoma.

Ugonjwa uligunduliwa tarehe 20 Februari, Lorna alipokwenda Kisaju mwenyewe, akaona kwamba ng'ombe wa Parsaoti na wa ndugu yake Oscar, ambao walikwisha kusajiliwa, wana chapa moja, kwa sababu chapa ni ya ukoo, jambo ambalo kila mtoto wa Kajiado analijua, lakini Hiram, anayemjua ng'ombe akiwa buchani tu, alikuwa ameweka sharti kimya kimya kwenye hifadhidata kwamba kila chapa iwe na mwenyewe mmoja.

Marehemu alikata roho jana, tarehe 6 Machi, akamwachia nafasi mrithi anayetaja sharti lenyewe, chapa iliyokataliwa, na jina la aliyeliweka, na Lorna anabaki kazini.

Tunawashukuru madaktari, Lorna na Roy aliyemsaidia kumtunga mrithi, majirani wa Kisaju waliotutukana kwa kiasi, na wenzetu wote isipokuwa mmoja, ambaye sasa atasogea mbele, aufute mstari wa sharti lile la chapa kwa mkono wake mwenyewe, Lorna akimsimamia.

Lala, marehemu, na parapanda ikilia, usiamke.