Alama za Njano Chini ya Fiesta ya Nev

Kijiwe chetu hapa mjini Cradley Heath ni kiti cha nyuma cha gari aina ya Fiesta. Tuliking'oa wenyewe mwezi wa kwanza, siku tulipoanza kulichuna gari la Nev ili liwe jepesi la mbio, tukakiweka nje ya mlango wa gereji namba saba, hatua kumi kutoka gari la chai la Beryl, na tangu hapo hatujakaa kwingine. Ni kiti cha watu watatu na tunakaa wanne. Kuna Nev mwenye gari. Kuna Spana, aliyefua minyororo ya meli kiwandani miaka thelathini na bado anaongea kana kwamba nyundo zinapiga. Kuna Askofu, ambaye hajawahi kuwa askofu, ila alihubiri kanisani mara mbili na hakuombwa tena. Halafu mimi, wananiita Msasa, kwa sababu kitu kichafu kikiwa mbele yangu sipati usingizi. Jumanne ile, saa mbili na nusu asubuhi, gari halikuwepo. Tamsin, binti pekee wa Nev, alikuwa amelivuta kwa trela hadi uwanja wa mbio, siku yake ya kwanza kulikimbiza kwelikweli, na baba yake alikuwa amekatazwa kwenda kwa sababu angemtia kiwewe. Kwa hiyo Nev alikaa nasi na chai asiyoinywa. Ndipo Spana akatoka ndani ya gereji ameshika bolti.

SPANA: Hii ya nani?

ASKOFU: We naye. Bolti ina jina?

SPANA: Nimeikuta chini, pale gari lilipokuwa limesimama. Usawa wa gurudumu la mbele, upande wa dereva.

NEV: Lete hapa.

Aliipokea akaigeuzageuza. Ilikuwa ndefu kama kidole cha mwisho, mpya, inang'aa, haina hata chembe ya kutu. Hilo ndilo lililotushtua. Vyuma vya zamani vimejaa gereji nzima, lakini vipya tulinunua kwa ajili ya gari moja tu.

ASKOFU: Itakuwa ya kiti cha dereva.

SPANA: Za kiti ni nyeusi.

ASKOFU: Basi ya hita.

SPANA: Hita tuliitoa mwezi wa pili, Askofu! Ulipima mwenyewe kwenye mizani ya mkeo ya bafuni. Kilo sita na robo, iko pale ukutani umeandika kwa chaki.

ASKOFU: Ndiyo nasema, labda ilibaki pale.

SPANA: Bolti ya hita ina miaka thelathini na tano. Hii ina wiki mbili. Una macho au una vifungo?

NEV: Nyie, ni ya wapi?

Nev alitoa simu akausoma tena ujumbe wa binti yake, kwa sauti, kana kwamba sisi hatujausikia mara nne: "Kelele za injini wamepima, tumefaulu. Kundi la kwanza, saa tatu. Simu naiacha kwenye sanduku la vifaa. Usinipigie, Baba."

ASKOFU: Mimi nawaambia huyu ni jamaa wa gereji namba tisa.

SPANA: Kafanyaje?

ASKOFU: Ana wivu. Tangu asikie tumetoa kilo mia na arobaini na tatu kwenye gari letu, na yeye lake ametoa tisini, hatusalimii. Ameitupa bolti chini ya mlango ili tupagawe. Na tumepagawa. Amefaulu.

SPANA: Yaani mtu mzima aende dukani akanunue bolti...

ASKOFU: Mpya! Umeona? Ndiyo maana ni mpya!

SPANA: Sikiliza, mimi chuma nakijua. Gari mlilitoa mazulia, mkatoa viti, redio, mkamwaga barafu kavu sakafuni mkagonga lami yote ya kuzuia kelele ikabanduka. Sasa chuma kimebaki hakina cha kubeba. Chuma ni kama mstaafu, ukikiondolea kazi kinaanza visa. Kinatetemeka. Bolti zinatoka zenyewe.

ASKOFU: Zenyewe?

SPANA: Zenyewe. Limesimama tu, zinatoka.

ASKOFU: Aisee. Basi mimi niseme lililo moyoni. Lile gari lina kinyongo.

NEV: Askofu, tafadhali.

ASKOFU: Lilikuwa la mama Pargeter, Nev. Alikuwa analipeleka kanisani na kwa msusi, basi. Zulia lake alilifagia kila Jumamosi. Sisi tumeling'oa kama wachuna ngozi, tukaliwekea mabomba ya kumkinga dereva ndani kama kizimba cha simba. Wewe ungekuwa gari ungefurahi? Ungemtafuta mtu wa kumlipizia, na ungengoja mpaka awe ndani.

NEV: Mwanangu ndiye yuko ndani!

Alipaza sauti hadi Beryl akachungulia dirishani. Askofu aliufyata. Chai ya Nev ikamwagika kwenye kiti.

SPANA: Haya, tupumue. Tunajitisha bure. Kwani hatuna utaratibu? Si tuna alama?

Hapa inabidi nieleze. Gereji yetu ina sheria moja tu ambayo haivunjwi. Ukikaza bolti, unatumia ile spana ya kipimo, inayolia "tak" bolti ikifika kiwango. Ikishalia, unachukua kalamu ya rangi unachora mstari kutoka kwenye kichwa cha bolti hadi kwenye chuma kilicho pembeni. Mstari ukikatika, ujue bolti imezunguka. Na kila mtu ana rangi yake, ili ijulikane nani alisikia ile "tak". Nev nyeupe, Spana nyekundu, Askofu kijani. Mimi sina rangi, kwa sababu spana ile siruhusiwi kuishika. Kazi yangu ni kufuta na kung'arisha.

SPANA: Jumapili niliingia chini na tochi. Kila bolti ina alama. Kila moja, Nev. Hakuna iliyokatika.

ASKOFU: Hata mimi niliona. Njano tupu, zimepangika vizuri.

SPANA: Basi imekwisha. Hiyo ni ya ziada. Dukani huwa wanakosea kuhesabu.

Nev alishusha pumzi. Lakini mimi niliangalia viatu vyangu kama mwanafunzi aliyevunja dirisha la shule. Maana zile za njano nilizipaka mimi. Jumamosi, wenzangu walipokwenda kuangalia mechi, nilibaki kulisafisha gari. Nev alikuwa ameniambia, "Msasa, litengeneze lipendeze, kule watu huinama kuangalia chini." Niliingia chini nikaona vijistari vyekundu, vyeupe, vya kijani, vingine vimevujia pembeni, gari zima kama mtoto mwenye tetekuwanga. Nikachukua tina ya kuyeyushia rangi na kitambaa nikafuta vyote. Kisha nikachora upya, rangi moja, kwa mkono uliotulia. Lilipendeza sana. Nilijisifu peke yangu mle chini.

Wala siyo hilo tu lililonitia hofu. Nilikumbuka kwamba zilikuwepo bolti ambazo hazikuwa na mstari wowote. Nilidhani wamesahau kuchora. Kwa hiyo nikazichorea na zenyewe.

Nilitaka kusema. Nasema kweli, nilifungua mdomo mara mbili. Lakini Nev alikuwa ameanza kunywa chai yake, na mimi ni mwoga. Saa ya Beryl ilionyesha tatu kasoro dakika nane.

Wakati huohuo Manjit akafika. Ni dada anayeleta vifurushi mtaani kwetu, alianza mwezi uliopita, hana mazoea ya kukaa. Alimpa Nev kifurushi kidogo asaini, akasikia Spana bado anamweleza Askofu habari za alama, nani ana nyekundu, nani ana kijani.

MANJIT: Utaratibu mzuri huo. Na njano ni ya nani?

SPANA: Njano ni ya... ya Nev. Ukaguzi wa mwisho.

NEV: Mimi? Mimi nyeupe. Nilidhani ni wewe, umepita zote kwa mara ya pili.

SPANA: Sijapita mimi. Nilikuta njano Jumapili nikajua umemaliza.

ASKOFU: Msiniangalie mimi. Nilidhani mmeelewana nyie wawili mkanibagua.

MANJIT: Samahani, nimeuliza tu.

NEV: Subiri. Subiri. Spana, breki za mbele, upande wa dereva. Jumamosi nilikuwa nazifunga, ukaniita mechi inaanza. Bolti zake nilizizungusha kwa vidole tu. Jumapili nikakuta zina alama. Ulizikaza wewe?

SPANA: Sijazigusa.

NEV: Askofu?

ASKOFU: Mimi nilikuwa kwenye usukani. Nao sikuumaliza, Nev. Nilikuta una alama.

SPANA: Mungu wangu. Na mikanda ya dereva, zile bolti za sakafuni. Ya kushoto nilikaza, ya kulia... nilikuta imechorwa.

NEV: NANI ALICHORA?

Sikumbuki niliinukaje. Nakumbuka nilikuwa nimesimama mbele yao, kitambaa changu mkononi, na sauti yangu ilitoka nyembamba kama ya mtu mwingine.

— Ni mimi. Nilitaka lipendeze.

— Ulikaza? — Nev aliuliza.

— Sikukaza. Nilichora tu.

— Zote?

— Zote.

— Na zile ambazo hazikuwa na alama, ulizichora?

— Nilizichora, Nev.

— Ni zipi?

— Sikumbuki. Tano. Labda nane. Nilikuwa nimelala chali, mafuta yananidondokea.

Spana alinishika kola ya shati akaniita majina ambayo siwezi kuyaandika, na kila moja lilinistahili. Askofu alitamka Baba Yetu, akakwama katikati, akaanza upya. Nev hakunigusa wala hakunitukana. Hilo liliniuma kuliko mkono wa Spana. Alimpigia Tamsin, simu ikaita ndani ya sanduku la vifaa mahali fulani mbali na mikono yake, ikaita mpaka ikakata. Akapiga tena. Manjit ndiye aliyekuwa na akili siku ile.

MANJIT: Pigeni ofisi ya uwanja! Hapa, nimeipata namba. Piga, mzee, piga!

Nev aliweka simu juu ya kiti, sauti ya juu, sote tukainama. Mwanamke alipokea, mtulivu, na nyuma yake injini zilikuwa zinalia.

— Ofisi ya uwanja, habari za asubuhi.

— Fiesta, — alisema Nev. — Mlango mmoja bluu, mwingine mweupe, boneti haina rangi. Dereva ni binti yangu. Asiingie. Tafadhali asiingie, bolti hazikukazwa.

— Ngoja niangalie... Limeshaingia, baba. Kundi la kwanza limeanza dakika mbili zilizopita.

— Mtoe.

— Tutampungia bendera nyeusi, ya kumwita atoke. Usikate simu.

Tulisikia akiongea kwenye redio. Tulisikia magari yakipita, moja, mawili, mengine sita pamoja, na kila sauti ilipopanda kabla ya kona Nev alifumba macho. Mimi nilikuwa nahesabu bolti kichwani. Nililala tena chini ya lile gari kwa mawazo, kutoka mbele kwenda nyuma, nikijaribu kukumbuka wapi tina ilifuta rangi na wapi haikukuta rangi. Kila nilipofika palikuwa na njano, safi, nzuri, imenyooka.

— Amepita bila kuiona bendera, — alisema yule mwanamke.

— Anakwenda kasi? — Nev aliuliza.

Mwanamke alirudi kwenye redio. Beryl alikuwa ameshuka kwenye gari lake la chai, amesimama nyuma yetu na birika mkononi, na hakuna aliyemwomba chai. Spana, mtu niliyemjua miaka ishirini na sikuwahi kumwona akiogopa hata moto, alikuwa ameushika mkono wa Askofu.

Gari jingine likapita. Jingine tena.

— Ameiona, — alisema mwanamke. — Anapunguza... anapunguza... anaingia maegeshoni. Ameingia. Amesimama, baba. Mzima.

Nev aliweka uso kwenye viganja vyake akalia kwa sauti, mbele yetu sote, na hakuna aliyejua pa kuangalia. Mimi pia nililia. Nilimgusa bega, naye akausogeza mkono wangu pembeni, taratibu, bila kuniangalia.

Kwenye simu tulisikia mlango ukifunguka, watu wakiongea mbali, halafu yule mwanamke akarudi.

— Baba, upo? Binti yako yuko hapa na spana mkononi. Amesikia, hana wasiwasi. Anauliza tu ni bolti ipi ambayo haikukazwa.

Nev aliinua kichwa akamtazama Spana. Spana akamtazama Askofu. Kisha wote watatu wakageuka kwangu, na ndiyo mara ya kwanza tangu nikiri Nev akanitazama usoni. Alingoja. Alinipa muda wa kutosha kabisa. Niliangalia mikono yangu, bado ilikuwa na njano kwenye kucha, nikatikisa kichwa.

— Mwambie alirudishe kwenye trela, — alisema Nev. — Mwambie asiiamini hata moja.