Mama Fundi na Surua Iliyotoka Safarini

Wafiwa wenzangu, mimi ni mdogo wake marehemu. Nimepewa nisome maisha yake, nami nitajikaza.

Mama Fundi, kama wote mlivyomwita, alizaliwa tarehe 3 Machi 1971, wa pili kati yetu watano. Alimaliza shule ya msingi mwaka 1985, akajifunza ushonaji miaka miwili, kisha akaweka cherehani kwenye kibaraza cha duka la vifaa vya ujenzi. Hapo alishona sare za shule mpaka alipougua. Alizikata kubwa makusudi, na wazazi wakilalamika anawajibu, "Mtoto anakua, nguo haikui." Walilipa huku wananuna, na mwaka wa pili walirudi.

Alifunga ndoa mwaka 1994. Shemeji alikuwa amempelekea suruali ileile aipunguze mara tatu. Mara ya tatu dada akamwambia, "Kaka, hii sasa ni kaptula. Sema shida yako." Walijaliwa watoto wawili.

Mwaka 2022 alipatikana na saratani ya damu. Matibabu yalimmalizia kinga ya mwili, daktari akatuonya asisogelewe na mgonjwa yeyote. Juni 2024 mwanawe akarudi kutoka ng'ambo, anakofanya kazi hotelini. Macho mekundu, kikohozi. Sote tukadhani ni uchovu wa ndege. Mama mtu hakungoja hodi, alimfungulia na kumkumbatia palepale mlangoni. Siku chache baadaye kijana akatoka vipele. Surua! Alipokuwa anajiandaa kusafiri, muuguzi alimshauri achanjwe chanjo mbili. Akachanjwa ya homa ya manjano tu, maana hiyo huulizwa mpakani. Ya surua akaicheka: "Hiyo si ya watoto?" Yeye alipona. Dada ilimshukia mapafuni, akafariki hospitalini tarehe 9 Julai, alfajiri. Inauma, jamani. Inauma sana.

Marehemu ameacha mume, binti, na sisi ndugu zake wanne. Karatasi mlizoshika zinaishia hapo. Kaka zetu walikataa kijana atajwe, wakamkataza kushika jeneza. Ndiyo maana amesimama kule getini. Hata mimi nina hasira naye, sifichi. Lakini dada, akihema kwa shida, alinishika mkono akaniambia, "Wasimfukuze mwanangu. Aliyemfungulia mlango ni mimi."

Basi ameacha pia mtoto wa kiume, kifungua mimba wake. Mwanangu, toka huko getini, uje umzike mama yako.

Dada yetu na apumzike sasa, kwa amani.