Stuli ya Diwani

Fundi cherehani alitaka kusinzia kidogo ndani ya basi, lakini wale wawili wa kiti cha mbele hawakumpa nafasi. Mwalimu wa chekechea alikuwa amekumbatia stuli ndefu, na mumewe alikuwa amekunja uso.

"Mke wangu, kwa diwani watu hupeleka barua."

"Nilipeleka. Akatuletea viti vya watu wazima, akapiga picha na watoto, akaenda zake. Leo atakaa juu ya hii, miguu ining'inie, aandike jina lake. Ndipo tuzungumzie bajeti ya viti vidogo."

"Utamwaibisha mtu mzima na heshima zake."

"Mtoto anayeogopa kuanguka hasikii a wala e, baba watoto. Akionja mwenyewe, sitakuwa na haja ya kusema mengi."

Fundi alimtazama mume, akaona naye hakuiamini hiyo ya kutosema mengi.

Basi lilisimama mbele ya ofisi ya diwani. Mume alitikisa kichwa, akaichukua stuli, akaiweka begani.

"Bado sijakubali," alisema akishuka. "Ila mguu mmoja ulikuwa unacheza. Nimeukaza asubuhi."