Mama Ngalula wa Kabini, Aliyengoja Sauti ya Mdogo Wake

Baba Padri, wakubwa wa familia ya Mianda na ya Mbayo, majirani wetu wa Manika, na nyinyi mama wa kwaya mlioimba siku sita bila kuchoka: mimi ni Jessica, mtoto wa pili wa marehemu. Nimepewa kazi hii kwa sababu mimi ni mwalimu. Kaka yangu Stany ameniambia nisome polepole na nisilie. Kusoma polepole nitajaribu.

Mama Ngalula Mianda alizaliwa hapa Kolwezi tarehe 3 Aprili 1955, katika kambi ya wafanyakazi wa mgodi. Baba yake, Tata Mianda, alitoka Ngandajika kule Kasai mwaka 1949, akaajiriwa kwenye mashine za kusaga mawe ya shaba. Mama yake alikuwa Mama Kapinga. Mama Ngalula alikuwa mtoto wao wa kwanza. Baada yake walizaliwa wengine watatu ambao hawakukaa, na mwaka 1968 akazaliwa Mbombo, aliyekaa. Ninaomba mulishike jina hilo la Mbombo, kwa maana maisha ya mama yetu hayasimuliki bila yeye.

Alianza shule mwaka 1961 kwa masista. Sauti yake ilikuwa kubwa tangu utoto. Siku kengele ya shule ilipopasuka, Sista mkubwa alimsimamisha mlangoni aite watoto warudi darasani, na wale waliokuwa wamekwenda kununua karanga barabarani walirudi wote mbio. Kazi hiyo aliifanya mwezi mzima, akaipenda kuliko hesabu. Alifika mwaka wa tatu wa ushonaji. Mwaka 1970 Mama Kapinga alifariki, na Ngalula, wa miaka kumi na tano, akaacha shule ili amlee mdogo wake. Mbombo alikuwa na miaka miwili. Alijifunza kusema juu ya mgongo wa dada yake, aliyemwita yaya. Wazee wa kambi wanakumbuka kwamba hukuweza kumsalimia mmoja bila kumsalimia mwingine.

Tarehe 20 Agosti 1977 alifunga ndoa na Tata Mbayo Polycarpe, fundi wa karakana, mtu wa Manono, wa hapahapa Katanga. Tata alikwenda kuoa msichana mmoja akarudi nyumbani na wawili, kwa maana Mbombo alikuja na godoro lake. Hakulalamika hata siku moja. Ndoa yao Mungu aliibariki na watoto wanne: Stany, mimi Jessica, Gracien na Joyeuse. Mbombo alikaa nasi hadi mwaka 1988, alipoolewa na Tata Muamba, karani, naye mtu wa Kasai. Hata hapo alihamia barabara ya tatu tu kutoka kwetu, na Tata Mianda mzee akaenda kuishi kwake.

Sasa nifike pale ambapo wengi wenu mnapajua na hampendi kupasema. Baada ya mwaka 1990 mgodi ulianza kuanguka. Mshahara ulichelewa, halafu unga wa kampuni ukakatika, halafu kukawa hakuna kitu. Na watu wakiwa na njaa, wakaambiwa wenye kosa ni akina nani. Mwaka 1993 neno likatembea kata hadi kata: mtu wa Kasai arudi kwao. Mama yetu alizaliwa hapa, lakini kwao pakawa Ngandajika, mahali ambapo hakuwahi kupaona. Wafukuzaji walikuja mlangoni kwetu mara mbili. Tata Polycarpe alisimama mbele ya mlango na nyundo ya karakana mkononi, akasema huyu ni muke wa mutu wa Manono. Hivyo mama akabaki. Lakini kule barabara ya tatu hapakuwa na mtu wa Manono wa kusimama mlangoni.

Mbombo, mume wake, watoto wao wawili na babu Mianda walilala gare, kituo cha treni, wiki tano, pamoja na maelfu ya watu, chini ya mahema ya plastiki. Kila mchana mama alibeba bukari, ugali wetu, na mboga, nami nilibeba maji. Nilikuwa na miaka tisa. Siku ya mwisho, Jumatatu tarehe 10 Mei, Mbombo alimwomba aje nao, na sisi watoto wote. Mama akasema hawezi, yuko na bwana na batoto. Mbombo hakupandisha sauti. Alisema:

“Yaya, ulinibeba ku mugongo. Leo unanishusha.”

Mama hakupata jibu. Aliosha sufuria, tukarudi nyumbani, na usiku huo nadhani alilitafuta. Jumanne tulirudi na bukari, na mama alitembea mbele yangu kwa haraka. Treni ilikuwa imeondoka asubuhi. Tulikuta mahema na vumbi. Mama alikaa juu ya reli, akaniambia nile mimi, nami, Mungu anisamehe, nililia lakini nilikula.

Kwa miaka kumi ya kwanza hatukusikia neno. Mama alishona nguo, aliuza samaki wa chumvi sokoni, na barua alizitia mikononi mwa kila dereva wa lori na kila mchungaji aliyekwenda upande ule. Halafu vita vikakata barabara. Wakati ule ukitaka kusema na mtu wa mbali ulikwenda kwa foni, ile redio ya Tata Omari nyuma ya soko. Tata Omari yuko hapa, mnaona kofia yake. Pale ulipanga mstari, ukapiga kelele mbele ya watu wote, na kila siri yako ikafika sokoni kabla yako. Mama alikwenda kila mwezi kuuliza Ngandajika. Ngandajika kulikuwa na Mianda wengi, na Mbombo wengi zaidi.

Mwaka 2003 simu za mkononi zikawa bei ya watu. Tata Omari aliona foni yake inakufa, akamwuzia mama simu ya kwanza, pole pole, kwa kulipa kidogo kidogo. Mama akaweka meza na mwavuli mwekundu kando ya barabara ya soko la Manika, kabini ya kupigia simu kwa malipo. Ndivyo alivyokuwa Mama Kabini, na wengi wenu hamkujua jina lake lingine hadi jana mlipoona programu hii ya mazishi. Vijana hawawezi kuelewa ile meza ilikuwa nini. Zamani mtu alikufa Sandoa, na sisi tulilia baada ya mwezi. Sasa tulilia siku ileile, na aliyeweza kwenda alikwenda. Wachuuzi waliuliza bei Fungurume kabla ya kupanda gari. Mahari iliongelewa pale mezani, na mara moja ilivunjikia palepale. Shimo likianguka upande wa Kingamyambo, wake za wachimbaji walikimbilia mwavuli wa mama, naye aliwapigia waume zao mmoja baada ya mwingine mpaka wa mwisho ajibu. Siku ambayo wa mwisho hakujibu, mama alifunga mwavuli akaenda na yule mke hadi nyumbani kwake.

Yeye mwenyewe aliongea na simu kwa ile sauti ya kengele. Tata Polycarpe alimwambia, muke wangu, simu ya nini, Lubumbashi wanakusikia hivihivi.

Lakini kabini ilikuwa na sababu yake. Kila mteja aliyesafiri kwenda Kasai alipewa kikaratasi chenye namba ya mama na maneno haya: apewe Mbombo wa Mianda. Miaka yote hakubadilisha namba, hata mitandao mingine ilipogawa namba za bure. Watu walimfariji kwamba milima haikutani, lakini binadamu hukutana. Alijibu kwamba hao binadamu labda walikuwa na treni.

Hapa nina kosa la kuungama mbele ya kaburi. Mnajua wakati ule wote tulibipu. Unaita mara moja unakata, ili mwenye yuniti, yaani pesa ya simu, akurudishie. Mwenye kabini akirudisha kila bipu, wiki haiishi amekula mtaji. Basi mama aliweka sheria, na mimi, kwa sababu nilikuwa na mwandiko mzuri, nikaiandika juu ya kibao kwa rangi nyeusi: BIPU HAIRUDISHWI. Kwa siku alipata bipu arobaini, hamsini. Hakuzitazama hata.

Mwaka 2011 kila mtu alikuwa na simu yake mfukoni, na meza ya mama ikakosa wateja. Tulikuwa na huzuni kwa hilo, hatukujua ni neema. Kwa kuwa bipu nazo zilipungua, Jumapili tarehe 9 Oktoba, mama akiwa anapepeta mchele, niliona kwenye simu yake namba moja imebipu saa tisa kamili. Jumapili iliyotangulia, vilevile. Na ile nyingine, vilevile. Nilimwuliza. Akanijibu bila kuinua macho kwamba bipu hairudishwi. Nikapiga kwa yuniti zangu mwenyewe. Mwanamke alinisalimia kwa Kiluba cha Kasai, akauliza ni nani. Nikasema ni Jessica, mtoto wa Ngalula wa Kolwezi. Halafu akasema kwa Kiswahili chetu cha hapa, ambacho alikuwa bado anakijua chote:

“Jessica, ni mi Mbombo. Nabipu miaka tatu. Nilizania yaya hanitake tena.”

Kikaratasi kilimfikia mwaka 2008, soko la Ngandajika. Simu ilikuwa ya jirani, na jirani alimruhusu kubipu tu, kwa maana bipu haili kitu. Yuniti angeweza kuzitafuta, alituambia baadaye. Aliogopa. Alifikiri, kama yaya ananitaka, atarudisha.

Nilimpa mama simu. Yeye aliyeita shule nzima kwa sauti alishindwa hata kusema alo. Mchele ulimwagika. Mwishoni alisema neno moja, kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia kwake, na lilikuwa lile jibu alilolitafuta miaka kumi na minane:

“Mi sikukushushaka, Mbombo.”

Walilia wote wawili hadi yuniti zangu zikaisha. Siku hiyo ndipo tulijua pia kwamba babu Mianda alifia njiani ndani ya treni, akazikwa Kaniama. Kibao mama alikitia motoni akapikia chai.

Toka hapo waliongea kila Jumapili, miaka kumi na mitatu. Mbombo aliuliza bei ya unga, mama akamgombeza kwa sababu ya kikohozi. Walipanga kuonana. Mwaka 2014 mama alifunga mizigo, treni haikuja wiki saba, akafungua mizigo. Mwaka 2017 vita vilikuwa Kasai. Mwaka 2019 tulimzika Tata Polycarpe. Mwaka 2020 barabara zilifungwa kwa ugonjwa. Mama alikuwa akisema, simu inaleta sauti, hailete mutu. Alikuwa anaisifu na kuilaumu kwa pumzi moja. Mimi nilimwona mara nyingi, akimaliza kuongea, anaiweka simu mapajani na kuishika kwa mikono miwili kwa muda mrefu.

Ugonjwa wa sukari ulimkamata mwaka 2018. Ulichukua jicho la kushoto, baadaye figo. Mwanzoni mwa Septemba hii, 2024, daktari alituambia tuwe karibu. Mama hakuomba dawa wala padri kwanza. Alisema anataka kumuona Mbombo, amuone, si kumsikia. Tukatuma nauli kwa simu, na Jumamosi tarehe 7 Mbombo, mwenye miaka hamsini na sita, alipanda treni Luputa. Mashine iliharibika baada ya Kaniama. Kila asubuhi mama aliuliza treni imefika wapi. Ilikuwa imesimama porini, nasi tulimwambia Kamina, kesho yake tukamwambia Bukama, na siku ya mwisho tukamwambia iko Tenke, mama, ni hapa tu. Tulimdanganya. Alitabasamu, akaomba avalishwe kitambaa chake cha buluu. Alifariki Alhamisi tarehe 12 Septemba, saa nne asubuhi, akiwa amekivaa.

Wakubwa wa familia walikubali tungoje, na mwili ukangoja siku sita. Jana Mbombo alipata mtandao kwenye kituo kidogo akatupigia. Tulimweleza msiba, na kwamba wengine wanaomba tuzike, wengine wanasema hapana, na kwamba neno ni lake. Kisha akasema:

“Muzike yaya. Asiningoje tena.”

Ndiyo maana tuko hapa leo, Jumatano tarehe 18.

Mama Ngalula ameacha watoto wanne, wakwe watatu, wajukuu kumi na mmoja, na kitukuu kimoja kilichozaliwa Julai na kupewa jina lake. Ameacha wake wengi wa wachimbaji wanaomwita mama. Na ameacha mdogo wake, Mbombo Mianda, ambaye saa hii ninaposoma yuko ndani ya treni, kati ya Kamina na Bukama, anarudi Kolwezi kwa mara ya kwanza tangu ile Jumanne. Matanga hayatavunjwa mpaka ashuke.

Pumzika kwa amani, mama yetu. Sasa ni sisi tunamngoja.