Gants yenye ilifungaka kontena yetu

Bamama, bandugu zangu, mukae. Sitasimama murefu, magoti yangu imechoka. Nitasema, kiisha nitaikaa.

Munanijua. Hapa Butembo nauzishaka bintu bya ballon, ule muchezo wa mupira: maillots za kuvaa, bas za miguu, na gants, ile bagardien, balinzi ba goli, banavaaka mukononi. Masomo yangu ilikomea Masereka, ku mashamba. Lakini biashara naijua.

Sisi bamama ba hii shirika tunajazaka kontena moja pamoja. Mumoja anatia bitenge, mwingine masufuria, mwingine biatu. Kama kitu ya mumoja imekamatwa ku mupaka, bintu ya bote inalala. Ile mara ilikuwa ya kwangu.

Déclarant, ule mwenye kutuandikia makaratasi ya douane, ya kodi ya mupaka, aliniuliza: "Mukaka, bibi yetu, tuandike nini?" Nikamwambia: "Andika articles de sport, bintu bya michezo. Gants ya ballon ni kitu ya ballon." Pale Kasindi, ku mupaka, agent wa douane, mutu mwenye balituma kutoka mbali, akakataa. Akabonyeza gants moja.

"Mama, gants hatuipangake na muchezo wake. Tunaangalia ilitengenezwa na nini. Hii inangaa, ni ngozi. Ngozi iko na namba yake ya kodi, na banailipishaka kodi ya juu."

"Haiko ngozi."

"Basi tupasue moja, tuone ndani."

Nikasema hapana. Marehemu bwana yangu alinifundisha: mali mupya haipasuliwe mbele ifike nyumbani. Nikaikaa ku mulango wa bureau yake, ile ofisi ya douane, kila siku na hasira yangu. Déclarant akaninongoneza: "Mukaka, umupe kitu kidogo, atafunga macho." Nikamwangalia tu mpaka akaenda.

Bandugu, nabaambia, nilichoka. Siku yenye nilirudia Butembo kidogo, nikasalimia mama mumoja ku soko, mwenye masufuria yake ilikuwa mule ndani ya kontena. Akageuza uso. Arusi ya binti yake ilikuwa inangojea ile masufuria iuzwe. Nikarudia Kasindi bila kula. Hata kuomba Mungu nilikuwa naomba nikiwa nasinzia.

Kiisha siku moja naona ule mama mwenyewe anashuka ku moto, pikipiki ya kukodi, vumbi mpaka ku nyusi. Njia ya Beni munaijua na hatari yake. Mutu hapitake mule juu ya kutembea tu. Nikajua amekuja kunitukana. Akafungula kitunga, akanipa bugali na sombe, majani ya muhogo.

"Kula kwanza."

Nikala.

"Sasa, hii gants, unaiogopea nini?"

"Siogope. Ni mali yangu."

"Na masufuria yangu ni mali ya nani?"

Akatosha kisu mu kitunga, akanipatia. Tukaingia mu bureau, na mimi mwenyewe nikapasua. Ndani ilikuwa eponji kama ya godoro, na kitambaa. Juu, mupira mwembamba wenye balibandika. Agent akavuta ule mupira, akavuta tena, akaita mukubwa wake aone.

"Ngozi haiko," agent akasema. "Nilikosea. Lakini articles de sport haiko vilevile, mama. Na weye ulikosea."

Bakaandika namba ya gants ya kitambaa. Nikalipa yenye ilikuwa haki, na kontena ikatoka.

Nashukuru ninyi bote mwenye mulivumilia. Nashukuru ule agent: hakuomba kitu, na hakuona haya kusema amekosea. Ule mama wa kisu yuko hapa ndani. Hapana geuza vichwa. Wasingya, asante, dada yangu.

Yenye nilijifunza ni kidogo. Mukibishana juu ya kitu yenye iko mbele yenu, muipasue, muangalie. Mutakufa na njaa ku mulango, na kumbe jibu iko ndani ya carton.

Gants moja ilibakia bila mwenzake, ile nilipasua. Gardien wa mukono moja sijamuona bado. Ku arusi ya ule binti, mama yake alikuwa amechunga sufuria mbili hakuziuzisha, tukapikia mule. Makala ya moto nilitia mimi, na ile gants mukononi.