Nikimaliza Kabichi

Luqmani, dereva wa lori la mboga kutoka Mgeta, alishika usukani akajifanya hasikii. Kando yake walikaa abiria wawili wasiojuana. Mama Jastin, mwenye magunia ya kabichi nyuma, aliangusha kadi yake ya kliniki. Bi Asia, mchuuzi wa mjini, akaiokota na kuisoma bila haya.

"Presha mia na tisini, na kliniki umeruka mara tatu?"

"Nimeshajipanga upya. Nikimaliza kabichi naanza dawa, na chumvi naacha."

"Ukimaliza kabichi unavuna nini?"

"Karoti."

"Halafu?"

"Njegere. Halafu watoto wanafungua shule."

Luqmani nusura acheke. Miaka tisa anabeba mboga za Mgeta, hajawahi kuona mwezi usio na mavuno.

"Utaanza lini, mwenzangu?" aliuliza Bi Asia. "Ukishazikwa?"

Mama Jastin akageuka. "Wanangu wanne utawalisha wewe?"

"Na ukianguka leo?"

Njia panda ya kliniki ilikuwa mbele yao.

"Simama hapo, dereva," alisema Bi Asia.

"Pitiliza, baba. Kabichi zitanyauka."

Luqmani alikanyaga breki. Mama Jastin akashika kitasa cha mlango, akabaki amekishika, hafungui wala haachii.